Kamba ni ya Nani?

(Hotuba iliyosomwa Matuu, Yatta, katika mkutano wa wafanyakazi wa reli walio likizoni, pamoja na jamaa zao na wanachama wa vyama vingine. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Twajua wengi wenu mmeacha kazi ya shamba ili mje kutusikiliza, na wengine mmetembea kwa miguu kutoka ng'ambo ya mfereji. Asanteni. Hapa Matuu hapana reli. Reli ya karibu ni ya Thika, na sisi tunaokula mkate wa reli hufika nyumbani kwa matatu kama watu wengine wote. Kwa hiyo hatukuja kuwaeleza habari za reli. Tumekuja kuwaeleza habari za mmea wa bahari uitwao mwani.

Twaona wengine wanacheka. Ni haki yenu kucheka. Mzee mmoja aliyeketi pale mbele ametuambia kabla ya mkutano kwamba bahari yenyewe hajaiona hata siku moja. Lakini twawaomba mvumilie kidogo. Jumamosi ijayo wengi wenu mtaletewa karatasi za mapatano mtie sahihi, za kulima maharagwe machanga yale yanayopelekwa Ulaya kwa ndege. Na baadhi yetu sisi wa reli tumeombwa na jamaa zetu tutoe akiba, au tuwe wadhamini. Kabla ya kalamu kushikwa, twataka msikie habari za watu waliotangulia katika mapatano ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Watu hao ni wakulima wa mwani.

MWANI NI KITU GANI

Mwani ni mmea wa majini. Hauna mizizi ya kunyonya udongo, wala maua, wala mbegu ya kumimina kiganjani. Uko wa aina nyingi: wa kijani, wa kahawia na mwekundu. Huu tunaousema leo ni wa ukoo wa mwani mwekundu, ijapokuwa machoni waweza kuuona wa manjano au hata wa kijani. Wapenda bahari ya joto, maji safi yanayotembea, na jua jingi. Aina mbili ndizo zinazolimwa sana katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Moja wafanyabiashara huiita spinosamu, na ya pili huiita kotonii.

Mwani huu huliwa. Ufilipino na Indonesia watu huuosha, wakauchanganya na vitunguu na ndimu, ukawa kachumbari. Siku hizi hata Unguja na Kwale akina mama huutia katika keki, jemu na maji ya matunda. Lakini sehemu kubwa haiendi sahanini moja kwa moja. Hukaushwa, hupelekwa viwandani ng'ambo, huko huchemshwa na kuchujwa, na hutolewa ute uitwao karajinani. Ute huo kazi yake ni kushika maji na maziwa yasitengane. Ndio unaozuia kakao isizame chini ya maziwa. Ndio unaofanya aiskrimu iwe laini, nyama ya kopo ishikamane, na dawa nyingi za meno zikae kama uji mzito. Basi yawezekana wewe wa Matuu ambaye hujaiona bahari umeutia mwani kinywani asubuhi ya leo, ulipopiga mswaki. Umeununua dukani kwa bei ya duka. Aliyeulima alilipwa kiasi gani? Hilo ndilo swali lililotutoa Mombasa.

ULIVYOFIKA KWETU

Kwa miaka mingi mwani uliojiotea wenyewe uliokotwa katika fukwe za Tanzania Bara na Zanzibar na kuuzwa ng'ambo. Lakini kitu cha kuokota huisha. Katika miaka ya 1960 na 1970 mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Hawaii, Maxwell Doty, pamoja na wenyeji wa Ufilipino, walitafuta njia ya kuulima mwani badala ya kuuokota, wakafanikiwa. Kwetu, Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye aliyeuchunguza mwani kwa miaka mingi na kushikilia kwamba hata sisi twaweza kuulima. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Unguja, katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Kutoka hapo kikaenea Pemba na pwani ya Tanzania Bara. Wakulima wa mwani wa Zanzibar wamehesabiwa kuwa zaidi ya 20,000, na katika kila kumi, wanane hivi ni wanawake.

Kenya tulichelewa. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi walifanya majaribio kusini mwa Mombasa, na kwenye mwaka 2010 hivi watu wa Kibuyuni, kijiji cha Kwale karibu na Shimoni, wakaanza kulima kwa kuuza. Huko ndiko tulikokwenda.

TULIYOYAONA KIBUYUNI

Tulikuwa watu sita, sote wa kazi ya reli, katika siku yetu ya mapumziko. Tulivuka Likoni kwa feri, tukashika barabara ya Lunga Lunga. Tulipofika maji yalikuwa yamekupwa. Sisi tumezoea bahari ya bandarini, yenye meli na harufu ya mafuta. Hii ilikuwa nyingine kabisa. Maji yamekwenda mbali, mchanga umebaki wazi, na huko mbali watu wameinama safu kwa safu kama watu wanaopalilia mtama. Wengi wao walikuwa wanawake.

Kazi yenyewe ni hivi. Vijiti hupigwa mchangani kwa safu mbili zinazoelekeana. Kati ya kijiti na kijiti huvutwa kamba. Katika kamba hiyo hufungwa vikamba vidogo vingi, na kila kikamba hushika kipande cha mwani chenye uzito wa gramu mia hivi. Mbegu ni kipande tu, kama sisi tunavyopanda muhogo na viazi vitamu. Baada ya wiki sita hivi kipande kimekuwa kichaka. Huvunwa, vipande vizuri hurudishwa kambani kuwa mbegu, na vingine huanikwa juani siku mbili tatu. Kilo saba au nane za mwani mbichi hutoa kilo moja tu ya mwani mkavu.

Kazi hii haifuati saa ya tajiri, yafuata mwezi. Wakati wa bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana, ndipo shamba hufikika. Hufikika kwa saa chache tu, kisha bahari yarudi wala haimngoji mtu. Wakati wa maji mafu shamba laweza kubaki chini ya maji kutwa. Mkulima husimama ndani ya chumvi mpaka magotini, jua la utosini na mng'ao wa maji machoni. Samaki aitwaye tasi huja kuula mwani wake, na upepo wa kusi hukata kamba. Sisi tunaojua zamu za usiku tulielewa upesi. Hii nayo ni zamu, ila msimamizi wake ni mwezi.

Mwenzetu mmoja ni wa gengi la kutengeneza njia, mtu wa kuinua mataruma, mwenye mabega kama mlango. Alipoona vile vikamba akasema kwa sauti kwamba hii ni kazi ya wanawake, kazi ya kujipumzisha. Akina mama hawakumjibu. Walimpa kamba na kikapu cha mbegu, wakamkaribisha aketi. Alipomaliza kamba mbili, na mafundo nusu yake yamefunguka yenyewe, mama aliyekuwa ubavuni mwake, mwenye mtoto mgongoni, alikuwa amemaliza saba. Njia nzima ya kurudi mwenzetu alikuwa akijitazama vidole. Hatuelezi haya ili kumcheka. Twaeleza kwa sababu sote sita tulikuwa tumewaza kama yeye, ila yeye ndiye aliyesema.

KAMBA NI YA NANI?

Kwa desturi ya watu wa chama, tuliuliza mambo ya malipo. Tukauliza mshahara wao ni kiasi gani. Wakacheka, wakasema hawana mshahara. Tukauliza tajiri wao ni nani. Wakasema hawana tajiri, kila mtu na shamba lake. Sisi tukaanza kuwaonea wivu, maana nani asiyependa kazi isiyo na tajiri? Lakini tukaendelea kuuliza. Bei yapangwa na nani? Na mnunuzi. Mnunuzi asipokuja mwezi huu je? Mwani wakaa ukingoja. Ndipo tukafahamu kwamba tajiri yuko, ila haonekani, na kwa kuwa haonekani hapana mlango wa kwenda kubisha.

Hapo ndipo pafaa tuwakumbushe mambo ya Zanzibar, kwa kuwa wao wana umri mkubwa katika kazi hii. Tangu mwanzo wanunuzi wengi wa mwani walikuwa na desturi ya kumpa mkulima kamba, vikamba na mbegu. Mkulima mwanamke, ambaye hana fedha ya kuanzia, alifurahi. Ni nani atakayekataa kamba ya bure? Lakini kamba ile haikuwa ya bure. Sharti lake lilikuwa hili: mwani utakaoota katika kamba hii utaniuzia mimi peke yangu, kwa bei yangu. Akija mnunuzi wa pili na bei nzuri zaidi, mkulima hana ruhusa. Bahari ni ya Mungu, jua ni la Mungu, mgongo ni wa mama, lakini kamba ni ya mnunuzi, na mwenye kamba ndiye mwenye bei.

Tusiwe wadhalimu. Mnunuzi naye ana hoja. Yeye ndiye aliyetoa mtaji, ndiye aliyekodi meli, ndiye anayejua kiwanda kiko wapi, na dunia ikipunguza bei naye huumia. Bila yeye mwani ungeozea ufukweni, wala hatusemi afukuzwe. Twasema tu kwamba mtu akishika kamba, na mbegu, na mizani, na ghala, na habari za soko, vyote vitano peke yake, basi yule wa pili hakubaki na kitu cha kuzungumzia ila shukrani. Na shukrani hailipi karo.

HESABU YA MFUKO MMOJA

Shule ya misheni tuliyosoma haikutufikisha mbali, lakini hesabu ya kuzidisha na kugawa ilitufundisha vizuri. Tufanye pamoja. Kwa muda mrefu bei ya mwani mkavu huko Kwale ilikuwa ikitajwa karibu na shilingi 30 kwa kilo. Mfuko wa kilo 50 basi ni shilingi 1,500. Ili kupata kilo 50 kavu, ni lazima kuvuna kilo kama 400 mbichi, zitolewe majini na kubebwa mpaka pwani, nyingine kichwani. Kabla ya hapo kuna wiki sita za kufunga, kukaza kamba, kuokota mwani uliokatika na kufukuza uchafu. Gawanya shilingi zile kwa siku zile, kila mtu kwa hesabu yake. Kisha mkumbuke kwamba mtoto aliyekuwa mgongoni hakuandikwa katika hesabu, wala wale waliogeuzageuza mwani juani baada ya shule.

Na iko hatari nyingine. Zile aina mbili hazina bei moja. Kotonii hulipwa zaidi, kwa kuwa viwanda huitaka zaidi, lakini haipendi maji yanayopata joto kupita kiasi. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikifa sehemu nyingi za Zanzibar. Matawi hugeuka meupe, yakakatika, na kamba ikabaki tupu. Bahari yazidi kupata joto kama nchi kavu inavyozidi. Spinosamu huvumilia zaidi, lakini bei yake ni ndogo. Basi mkulima aliyezoea mazao mawili akabaki na lile la bei ya chini. Wahenga walisema, kamba hukatikia pembamba. Hasara ilipokuja haikumkata mnunuzi. Ilimkata mama aliyesimama majini, maana yeye ndiye pembamba.

Nyinyi wa Matuu hamhitaji kuelezwa. Badilisha neno bahari, sema mvua.

WALIVYOANZA KUJITENGENEZA

Wakulima hao hawakukaa kulia. Kibuyuni walijiunga wakafanya chama cha ushirika. Wakawa na mahali pa kuanikia penye vichanja, mwani usichanganyike na mchanga, na mahali pa kuuweka mpaka utoshe kuuzwa kwa pamoja. Mnunuzi anayekuta tani mahali pamoja husema na watu kwa adabu kuliko anayekuta vifuko mia katika nyumba mia. Tena walijifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni na vitu vingine, ili sehemu ya thamani ibaki kijijini.

Zanzibar nako, Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari amefanya kazi na akina mama kwa miaka mingi. Kuanzia mwaka 2006 wakulima, wataalamu, wafanyabiashara na serikali waliletwa katika umoja mmoja wa mwani. Akina mama wakajifunza kuongeza thamani: sabuni, mafuta ya kujipaka, unga na vyakula. Wakajaribu pia kuipeleka kotonii katika maji ya kina zaidi yasiyo na joto kali, kwa kutumia nyavu zilizoshonwa kama mifereji. Huko kwahitaji mashua na kujua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hawakuwahi kufundishwa kuogelea. Basi wengine wakafundishwa ukubwani. Fikirini mama mwenye wajukuu anajifunza kuogelea ili afuate zao lake lililokimbia joto.

Hatutawadanganya kwamba wametajirika. Sabuni ni kidogo, na mwani mwingi bado huondoka ukiwa mkavu vilevile ndani ya magunia. Lakini mwenye njia mbili za kuuza hasemi kama mwenye njia moja. Hilo tuliliona kwa macho.

SASA TURUDI MATUU

Mfereji huu wa Yatta tunaonywa maji yake ulichimbwa miaka ya 1950 kwa mikono ya watu waliofungwa wakati wa Hali ya Hatari. Wao hawakuulizwa maji yataota nini wala yatamtajirisha nani. Sisi wajukuu wao twaulizwa, maana karatasi yaja na mahali pa kutia sahihi. Basi tusijibu kama watu waliofungwa.

Mwajua yaliyotokea hapa. Mnunuzi mmoja, jina tunaliacha, alileta mbegu na dawa kwa mkopo. Watu wetu walilima, wakachuma kwa mkono, wakapanga maharagwe katika kreti moja baada ya moja, yote urefu mmoja, kama askari. Jamaa zetu walipeleka kreti ishirini. Zikapokewa kumi na moja. Tisa zikaambiwa zimepinda au zina madoa. Aliyezipima ni yeye mnunuzi, aliyezikataa ni yeye, na deni la mbegu na dawa likakatwa lote kwa zile kumi na moja. Zile tisa wakalishwa ng'ombe, na ng'ombe hawakuona pindo wala doa.

Ndugu, ile mbegu ndiyo kamba ya Kibuyuni, na ile dawa ya kunyunyizia ndiyo vikamba. Wakamba tunaringia jina letu, lakini kamba ya mtu mwingine si jina zuri la kuvaa shingoni.

Na hapa twataka kusema neno gumu juu yetu wenyewe. Katika reli tukifanya kazi saa moja zaidi twadai malipo ya saa hiyo. Tukikatwa shilingi bila sababu twakwenda kwa mjumbe. Lakini hapa nyumbani ni nani aliyekuwa akichuma yale maharagwe tangu alfajiri? Ni wake zetu na mama zetu. Na ni nani aliyetia sahihi na kupokea fedha? Ni sisi, kwa sababu shamba limeandikwa jina letu. Tuliwacheka wanawake wa mwani kwa kutojua tajiri wao ni nani. Wake zetu wakiulizwa swali lile, twaogopa jibu lao.

MFANYAKAZI NI NANI?

Wako wenzetu wanaosema kwamba mambo haya si kazi ya chama. Wasema chama ni cha mwenye kadi na hati ya mshahara. Twawaheshimu, lakini twawakumbusha historia. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma. Walikuwako wa bandari, na sisi wa reli, na makarani. Lakini walikuwako pia vibarua wa siku na watumishi wa nyumbani, watu kama 15,000 kwa jumla. Walikutana Kiwanja cha Maskini, na jina la kiwanja lilitosha kuwa kadi. Chege Kibachia alipowaongoza watu katika chama chao cha wafanyakazi Waafrika, hakikuwa chama cha kazi moja. Serikali ya wakati ule ilimkamata mwaka huohuo na kumpeleka mbali, maana iliona upesi nguvu ya watu wa kazi mbalimbali wakisimama pamoja. Kama wao waliona, kwa nini sisi tusione?

Mtu anayeuza jasho lake kwa bei iliyopangwa na mwingine ni mfanyakazi, awe ameshika nyundo, kikapu cha maharagwe au kikamba cha mwani.

TUNAYOPENDEKEZA

La kwanza. Jumamosi mtu asitie sahihi peke yake. Karatasi isomwe kwa sauti mbele ya wote, kwa Kikamba na Kiswahili, neno kwa neno, hasa maneno madogo ya chini. Asiyetaka karatasi yake isomwe hadharani ana sababu.

La pili. Tuanze kikundi, kiandikishwe kwa sheria. Mababu zetu walikuwa na mwethya, na matuta mengi ya Ukambani yalichimbwa kwa mwethya. Hatuhitaji kujifunza umoja kutoka ng'ambo.

La tatu. Mbegu ya msimu wa kwanza tuinunue wenyewe. Sisi wa reli tulioombwa kuwa wadhamini wa deni la mnunuzi, heri fedha hiyohiyo tuikopeshe kikundi. Hatari ni ileile, lakini kamba itakuwa yetu.

La nne. Kikundi kiwe na mizani yake. Sisi tunaopakia mabehewa twajua kwamba mzigo usiopimwa mara mbili hupungua njiani. Kreti ipimwe na ikaguliwe hapa Matuu, mbele ya pande zote mbili, kabla haijapanda gari.

La tano. Tusilime zao moja la mnunuzi mmoja. Liwepo zao linaloweza kuuzwa sokoni Matuu au kuliwa nyumbani. Mama wa Kibuyuni akikosa mnunuzi aweza kutengeneza sabuni. Wewe ukikosa mnunuzi utatengeneza nini?

La sita. Anayelima ndiye aandikwe. Mama anayechuma awe mwanachama kwa jina lake, apige kura kwa mkono wake, na fedha yake aipokee mwenyewe.

La saba, nalo ndilo la kuogopwa zaidi. Daftari la fedha liwe wazi kila mwezi. Tumeviona vikundi vingi vikifa, si kwa kuuawa na mnunuzi, ila kwa kuliwa na mweka hazina. Kikundi kisicho na daftari wazi ni tajiri mwingine tu, tena huyu twamlisha wenyewe.

Mwisho, twaomba wajumbe wa tawi wapeleke swali hili mbele: je, chama chetu hakiwezi kuwapokea wakulima wa namna hii kama washiriki, tukawasaidia kusoma mapatano na kuwaonyesha njia ya kudai haki? Twalitaka jibu, liwe ndiyo au hapana, katika toleo lijalo la karatasi hii.

Bwana Mwenyekiti, tulipokuwa tukiondoka Kibuyuni maji yalikuwa yanajaa. Akina mama walitoka wote pamoja, kila mmoja na mzigo wake, wakiitana majina ili kuhakikisha hapana aliyebaki nyuma. Hawakuondoka pwani mpaka wa mwisho alipojibu. Twaomba Jumamosi ijayo, kabla ya kalamu kushikwa, na sisi tuitane hivyohivyo.

Umoja ni nguvu.